Jazi ya Marekani au Dansi la Kwetu: Mpiga Gitaa Kijana wa Arusha na Moshi Achague Njia Ipi?

Kijana anayejifunza gitaa la jazi leo ana tatizo ambalo wakubwa wa fani hii hawakuwa nalo: amesikia watu wengi mno. Kwenye simu yake wamo wapiga gitaa wa karibu miaka mia moja, na kila wiki anaongezeka mtoto mdogo kutoka ng'ambo anayecharaza mambo ambayo mwalimu wa chuo angeyaogopa. Machalii wa Sakina na Ngarenaro, mitaa ya Arusha, huniuliza swali moja kwa maneno yanayokaribiana: "Braza, bado kuna changu hapa, au wazee walishamaliza kila kitu?"

Hawajamaliza. Ila nafasi iliyobaki haiko sawa kila upande, na kwa mtu anayeishi chini ya Meru au Kilimanjaro zipo njia mbili kubwa za kuitafuta. Ya kwanza ni kwenda moja kwa moja kwenye jazi ya Marekani: nyimbo zake za kawaida ambazo kila mpiga jazi anazijua, kodi zake za gitaa (noti kadhaa zinazolia pamoja), solo zake. Ya pili ni kuanzia kwenye muziki wa dansi wa kwetu, kisha kuiingia jazi kupitia mlango huo. Kanisa nalo lina sehemu yake, nitalitaja baadaye, kwa sababu wengi wenu mmeanzia huko.

Tuelewane mapema kuhusu majina. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na hata Arusha Jazz zilikuwa bendi za rumba, cha-cha na ngoma za nyumbani zilizovalishwa magitaa. Mzee akikuambia alipiga jazi miaka ya sitini, usitegemee bibapu, ile jazi ya Marekani ya kasi na yenye kodi nyingi. Humu nikisema jazi nakusudia ile ya Marekani, na ya kwetu nitaiita dansi.

Sauti huwa inatoka wapi

Kabla ya kulinganisha njia, tuangalie waliofanikiwa walifanyaje, maana hapo ndipo ninapochukua kipimo changu.

Charlie Christian alipoingia bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, gitaa lilikuwa zaidi chombo cha kukatakata kodi nyuma ya wapuliza tarumbeta. Yeye aliliunganisha na amplifaya akalipigisha sentensi ndefu za saksafoni, sikio lake likiwa kwa mpiga saksafoni Lester Young. Kifua kikuu kilimuua Machi 1942, akiwa na miaka 25. Kazi yake kwenye jukwaa kubwa haikufika hata miaka mitatu, na bado kila mpiga gitaa la jazi aliyekuja baadaye ana deni kwake.

Wes Montgomery wa Indianapolis alijifunza solo za Christian noti kwa noti kutoka kwenye santuri, mpaka akaajiriwa klabuni kuzipiga kama zilivyo. Mchana alikuwa kiwandani, mazoezi ni usiku, na nyumba ilikuwa na watu wanaotaka kulala. Akaweka pembeni kile kiplastiki cha kucharazia, akatumia kidole gumba ili kelele ipungue. Gumba hilo, pamoja na mazoea yake ya kupiga noti moja juu na ileile chini kwa pamoja, ndilo lililofanya mtu amtambue kwa sekunde mbili. Django Reinhardt, kule Ufaransa, vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto viliharibika kwenye moto wa mwaka 1928; solo zake tunazozishangaa alizipiga kwa viwili vilivyobaki.

Sogea karibu na kwetu. Zimbabwe, Jonah Sithole akiwa na Thomas Mapfumo aliibeba mbira, chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na kuipandisha kwenye nyuzi za gitaa, akizibana kwa kiganja zitoe mlio mkavu wa vyuma vya mbira. Lionel Loueke wa Benin, aliyezaliwa mwaka 1973, alianza akiwa hana hela ya nyuzi mpya. Zilizochakaa alizilowesha kwenye siki zipate kung'aa tena. Baadaye alisoma Ivory Coast, Paris na Boston, akaishia kupiga na mpiga piano Herbie Hancock. Msikilize anapopenyeza karatasi kati ya nyuzi: gitaa linageuka kuwa chombo cha chuma cha kupigwa kwa vidole gumba, na juu yake anaongeza milio ya ulimi.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyejifungia chumbani kutafuta sauti ya peke yake. Wote walinakili. Lakini waliofungua mlango walinakili kwa gitaa kitu ambacho si gitaa: Christian saksafoni, Sithole mbira, Loueke ngoma na lugha za nyumbani. Wes na Django walisukumwa na hali iliyowanyima njia ya kawaida. Kwa hiyo naipima kila njia kwa maswali haya: itakupa kitu gani cha kunakili ambacho wenzako hawanacho masikioni, na itakupa watu gani wa kupiga nao?

Njia ya kwanza: jazi moja kwa moja

Faida yake kubwa ni sikio na elimu ya kodi. Ukikaa na nyimbo thelathini za kawaida za jazi, ukazijua katika ufunguo zaidi ya mmoja, utakuwa na lugha inayokuruhusu kupanda jukwaani na mtu ambaye hamjawahi kuonana. Kwa Arusha hili si jambo la nadharia. Mji umejaa wageni, na siku moja atakuja mpiga piano kutoka Oslo au Cape Town akisubiri kupanda mlima, akikuta gitaa hotelini atauliza unajua nyimbo gani.

Na usidanganyike kwamba asiye Mmarekani hana kiti. Mashindano makubwa ya jazi yanayobeba sasa jina la Herbie Hancock, zamani Thelonious Monk, yalipohusu gitaa mwaka 1995 alishinda Jesse van Ruller wa Uholanzi, mwaka 2005 Lage Lund wa Norwe, na mwaka 2019 Evgeny Pobozhiy wa Urusi.

Sasa hasara. Kwa kipimo nilichokiweka, njia hii peke yake ni dhaifu, na sababu ni simu. Wes alikuwa na santuri chache za mtu mmoja. Wewe una kila mtu. Ukijifunza kwa kuruka kutoka video hadi video, unakusanya vipande ambavyo kijana wa Seoul na wa São Paulo wamevikusanya wiki hiyohiyo, kwa mpangilio uleule, kutoka kwa mwalimu yuleyule. Matokeo nimeyasikia sana: vidole vyepesi, kodi za kisasa, na huwezi kujua nani anapiga ukifumba macho.

Tatizo la pili ni wenzako. Jazi inamtaka mpiga dramu anayeijua swingi, ule mwendo wa kuyumba wa jazi, na mpiga besi anayetembea noti nne kila kipimo cha muziki bila kuchoka. Arusha hao wapo wachache, na wote wana kazi nyingine Ijumaa. Moshi ni shida zaidi. Utajikuta unapiga na kirekodi cha simu, yaani bendi iliyorekodiwa tayari, na kirekodi hakikujibu, hakikosei, hakikulazimishi kubadili mawazo katikati ya wimbo. Sauti ya mpiga jazi hukomaa kwa kujibizana. Mwenye kirekodi hukomaa vidole tu.

Kuhusu riziki: hoteli zinazoajiri mpiga gitaa zinataka muziki usiomzuia mgeni kuongea. Meneja atakuja katikati ya solo yako bora akunong'oneze, "Kijana wangu, punguza kidogo." Ni pesa, na ni nafasi ya kupiga saa tatu mfululizo ambayo usiidharau, lakini hakuna anayesikiliza. Vifaa navyo vina usumbufu wake. Nyuzi nene laini wanazozipenda wapiga jazi mara nyingi utaagiza Nairobi au utamsubiri mtu anayerudi safari. Hilo la nyuzi lisikuumize kichwa. Habari ya Loueke na siki umeshaisoma.

Njia ya pili: kuanzia kwenye dansi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu vijana wanaikimbia njia hii wakidhani ni ya harusi za wazee.

Kwanza ina historia ya mji wenyewe. Ndugu wa familia ya Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga walikokuwa wamepiga na Jamhuri Jazz, wakafika Arusha mwaka 1970 na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walihamia Mombasa, na huko ndiko ikazaliwa Simba Wanyika, kisha matawi yake yakaenea Nairobi. Ule mlio wa magitaa makavu, safi, yanayozungumza bila kukanyagana, ambao Wakenya wengi wanauona wa kwao, ulipita kwenye baridi ya Arusha kabla haujavuka mpaka. Chalii wa hapa anayeusoma hahitaji kuomba ruhusa kwa mtu.

Pili, ufundi wake. Kwenye bendi ya dansi hupewi gitaa tu, unapewa nafasi: ridhimu, solo ya pili, solo, besi. Mpiga ridhimu hupiga duara fupi la noti zinazojirudia, solo ya pili hujaza matundu, solo hupanda juu, na besi huacha mianya ambayo mtu asiyezoea anadhani ni makosa. Ukiondoa gitaa moja, yaliyobaki yanasikika kama vipande. Hii ni shule ya kusikiliza ambayo chumbani huipati, kwa kuwa thamani ya noti yako inategemea noti ya mwenzako.

Tatu, na hili kwangu ndilo zito: bendi hizi zilitakiwa kuwa na sauti yake kila moja. Bendi isiyo na mtindo haikuwa bendi. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz na warithi wake wakabaki na Msondo, Mlimani Park wakaja na Sikinde mwaka 1978, Orchestra Maquis na Kamanyola. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za asili, maana yake wapigaji walikuwa wanachota kwenye kitu ambacho si gitaa. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikwenda na bendi yake hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na gitaa lake lilikuwa halifanani na la mtu wa Dar, sembuse la Mkongo. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa bado kijana. Swali la "sauti yangu ni ipi" wazee hawa walilijibu kila mwezi mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Kasoro zake nazo zipo. Nyimbo nyingi za dansi zinazunguka kodi tatu, na masikio yako ya jazi yatalala usipoyashughulisha. Mafundi waliobaki ni wachache na umri umewatupa mkono. Kuna pia mtego wa zilipendwa: bendi inayopiga nyimbo za mwaka 1975 kama zilivyorekodiwa Redio Tanzania, pumzi kwa pumzi, kwa sababu mwenye ukumbi anataka hivyo. Ukikaa humo miaka mingi utakuwa umebadilisha kirekodi cha simu kwa kirekodi chenye watu.

Zinapokutana

Jaribu hili jioni ya leo, halihitaji hata umeme. Jazi inapenda kupita kwenye kodi tatu: Dm7, G7, kisha C yenye saba kubwa. Usizishike nzima. Weka kidole kimoja kwenye uzi wa nne, freti ya 3, upate F. Kingine uzi wa tatu, freti ya 5, upate C. Hiyo ndiyo roho ya Dm7. Kwenda G7, F inabaki pale pale, C inashuka freti moja hadi B. Kwenda C kubwa, B inabaki, F inashuka freti moja hadi E. Kila mara kidole kimoja kinasogea, kimoja kinangoja.

Sasa usizipige pamoja. Ziachanishe kama mpiga ridhimu wa dansi: ya chini, ya juu, ya juu, ya chini, nyingine ikianguka katikati ya pigo, kiganja kikibana nyuzi kidogo karibu na daraja la gitaa. Zungusha hivyo dakika tano bila kukimbia. Mwambie mwenzako apige solo juu yake kwa sauti mbili, zile tatu-tatu (ya juu ikiwa noti ya tatu ukihesabu kutoka ya chini) zinazokwenda sambamba ambazo kila mtu wa dansi anazijua, ila afuate kodi zinavyobadilika. Mtakachosikia ni jazi kwa hesabu na dansi kwa mwendo. Sijawahi kukisikia kwenye video ya mwalimu yeyote wa ng'ambo, na si kwa sababu ni kigumu. Hawana hiyo ridhimu mkononi.

Na visivyo gitaa vya kunakili mmezungukwa navyo. Waimbaji wa Kimaasai hawahitaji chombo: kiongozi anarusha mstari juu, kundi linajibu kwa mngurumo wa koo unaobeba mapigo yote. Jibu lile la koo ukiliweka kwenye nyuzi mbili nene, huku ukiimba mstari wa juu kwa nyuzi nyembamba, umepata zoezi la mwaka mzima. Kutoka Dodoma kuna ilimba ya Wagogo, ndugu wa mbira, ambayo Hukwe Zawose aliisambaza dunia nzima; karatasi ya Loueke itakusaidia, hata risiti ya dukani iliyokunjwa. Halafu kuna matarumbeta. Jumamosi yoyote Moshi, bendi ya matarumbeta inapita nyuma ya gari la wazi ikisindikiza bibi harusi, tuba ikipiga mstari wa besi ambao hakuna mpiga gitaa aliyeukopi. Watu wanapiga honi, wewe simama usikilize tuba.

Kanisa

Kanisani ndiko wengi walikoshikia gitaa mara ya kwanza, na faida yake ni moja kubwa: unapiga kila wiki, na watu, mbele ya watu, hata ukiwa hujui. Kupandisha ufunguo ghafla kwa sababu kiongozi wa sifa amepandwa na roho ni mafunzo ya sikio kuliko darasa lolote. Lakini muziki wenyewe sasa umekuwa mmoja kutoka Sakina hadi Lagos, sebene ileile, kinanda kilekile. Baki kwa ajili ya kupiga. Sauti itafute kwingine.

Arusha na Moshi

Kwa kazi, Arusha inashinda: hoteli, mikutano, baa zenye bendi, wageni. Kwa vyanzo, nampa Moshi. Kwaya za Kilutheri zenye sauti nne zimekaa vizuri, matarumbeta yapo, na Desemba Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, harusi, kipaimara na sherehe za ukoo zinafuatana hadi wapigaji wanakosekana. Miji yenyewe haijaachana hata kilomita mia, kwa hiyo anayekaa Moshi akafanya kazi Arusha mwisho wa wiki hajapoteza kitu zaidi ya nauli na usingizi.

Wanaotaka shule ya kuandikishwa, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River kinatoa shahada ya muziki, na wanafunzi husoma muziki wa Kiafrika pamoja na wa Ulaya. TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, ina nguvu kwenye ngoma na vyombo vya asili. Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2002, ni ya kwenda ukivutiwa na taarabu. Mpiga gitaa aliyezoea kodi atajifunza huko namna ya kuishi ndani ya mstari mmoja bila kodi kumshika mkono.

Nani achukue ipi

Kama lengo lako ni kuomba nafasi chuo cha ng'ambo au kushindana, anza na jazi moja kwa moja. Wapimaji watakuuliza nyimbo za kawaida na mdundo wa swingi, hawatakuuliza Saboso. Chagua mpiga gitaa mmoja tu, ufute wengine kwenye simu kwa muda, unakili solo zake kwa sikio bila karatasi. Mmoja. Wes alifanya hivyo na hakudhurika.

Kama una miaka chini ya ishirini na mitano, unaishi hapa na utaendelea kuishi hapa, anza na dansi, tena kwa ridhimu, usiguse solo kwanza. Najua ni adhabu. Kila mtu anataka kuonekana. Lakini mpiga ridhimu mzuri hapa mjini ana kazi wakati wapiga solo watano wanagombea kiti kimoja, na ni yeye anayekaa karibu na mpiga besi mzee anayekumbuka jinsi mambo yalivyokuwa yakipangwa. Muulize kwa adabu, "Shikamoo mzee, hapa besi inangoja nini?" Ukishajua besi inangoja nini, ingiza vidole vyako viwili vya F na C, usimtangazie mtu kwamba ni jazi. Akigeuka kukutazama, endelea.

Na kama tayari umeshakaa na jazi ya simu miaka kadhaa na unaona unafanana na kila mtu, huna haja ya kuanza upya. Tafuta bendi ya dansi inayokosa mtu wa solo ya pili, si solo. Kazi ya kujaza matundu ya wengine itakunyang'anya nusu ya mistari yako uliyoizoea, kwa kuwa haitaingia. Itakayoingia iandike kwenye daftari. Msimu wa sherehe ukiisha Januari, kumbi zikipoa na wenzako wakipata nafasi, ita mpiga dramu mmoja na mpiga besi mmoja, wapelekee hiyo mistari iliyobaki, muanze nayo.